Aliyeimba Ubeti wa Tatu

Mama Pacha alikuwa na kazi ambayo hata nyumbani kwake hawakuielewa vizuri. Alikuwa mwitikiaji. Msanii anaposimama mbele na kumwaga maneno, nyuma yake wapo watu wawili watatu wanaoyaokota na kuyarudisha, na yeye alikuwa mmoja wao. Shuleni, pacha wake walipoulizwa mama yao anafanya kazi gani, pacha wa kwanza alijibu, "Anaimba," na pacha wa pili akajibu, "Anasaidia kuimba," na wote wawili walisema kweli. Mama mkwe wake, aliyeishi nao, na ambaye Mungu alimjalia ulimi akasahau kumpa na kifuniko chake, alikuwa na jibu lake mwenyewe.

"Huyu mke wa mwanangu," aliwaambia wageni, "analipwa kusema 'eee' na 'aaa'. Mimi nimesema 'eee' bure miaka sabini."

Mama Pacha alicheka pamoja na wageni. Alikuwa mtu wa kucheka, mnene kiasi, mwenye miguu inayochoka upesi na moyo usiochoka. Lakini msidhani neno lile halikumgusa. Miaka kumi na moja alikuwa ameimba nyuma ya msanii mmoja, yule ambaye nchi nzima ilimwita Kengele, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kusikia wimbo redioni akasema, "Huyu ni Mama Pacha." Alitamani kusikia hivyo mara moja tu, kisha afe zake akiwa ameridhika. Hakumwambia mtu. Mwitikiaji anayetamani kusikika peke yake ni kama golikipa anayetamani kufunga mabao: watamuuliza kama kazi imemshinda.

Basi Kengele akaamua kurekodi albamu ya nne. Mambo yake hayakuwa mazuri. Albamu ya tatu ilikuwa imedoda. Ilitoka Ijumaa, na kufikia Ijumaa ya pili hata wauza chaja barabarani walikuwa wameacha kuipiga. Magazeti yakaanza kumwandika kwa neno "aliyekuwa". Kengele alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwenye sauti safi, mapafu ya mzamiaji, na hofu. Hofu hiyo ndiyo iliyomfanya aachane na studio kubwa za mjini na kurudi kwa Fundi, mtu aliyemrekodia wimbo wake wa kwanza.

Studio ya Fundi ilikuwa chumba cha nyuma ambamo zamani yaliwekwa madaftari ya shule. Kuta alizifunika kwa magodoro ya maua maua, mlango kwa blanketi. Feni ilizimwa kila waliporekodi, kwa hiyo nyimbo zote kumi na mbili za albamu ile ziliimbwa kwa jasho halisi, si jasho la kwenye mashairi. Fundi mwenyewe alikuwa bingwa wa sauti asiyeweza kukumbuka namba. Alisema namba zote zina sura moja. Kwa sababu hiyo, kila sauti aliyoirekodi aliipa jina la kitu alichokula asubuhi ile. Ukifungua kompyuta yake ulikuta "Mkate Mkavu", "Yai", "Yai Tena", "Supu ya Jana". Watu walimcheka, naye akawajibu kwamba kichwa husahau lakini tumbo halisahau. Kwa miaka kumi na tano tumbo lake halikuwa limemwangusha.

Kazi ilikwenda hivi. Asubuhi alikuja Mama Pacha peke yake kuweka sauti ya njia. Aliuimba wimbo mzima tangu mwanzo hadi mwisho, si kwa namna yake bali kwa namna ambavyo Kengele angeuimba, ili Kengele akija mchana asikilize ajue pa kupanda na pa kushuka. Alikuwa amemwigiza bosi wake kwa muda mrefu hivi kwamba Fundi wakati mwingine alimsalimia kwa jina la Kengele. Kisha Kengele akishaimba, Fundi aliifuta sauti ya njia, na Mama Pacha akarudi siku nyingine kuweka kiitikio chake pamoja na mwenzake, wakifuata ala tu bila sauti ya mbele. Ndivyo walivyofanya siku zote.

Wimbo wa saba uliitwa "Kiti Changu". Ulikuwa wimbo wa mzaha, habari za mwanamke aliyechoka kusimama kwenye mikutano ya watu wasiomkaribisha kuketi, akaamua kwenda na kiti chake kichwani. Beti mbili za kwanza ni kejeli tupu. Ubeti wa tatu ndio unaogeuka. Ala zinapungua, na yule mwanamke anasema, "Nimekuja na kiti changu, nionyesheni pa kuweka." Hapo waitikiaji wanapokea: "Weka hapa, weka hapa."

Jumanne ile Mama Pacha alifika studio akiwa na uchungu. Asubuhi mama mkwe alikuwa amempigia mwalimu wa pacha ule utani wake wa "eee", na mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Mama Pacha aliimba beti mbili akiwa Kengele kamili. Alipofika ubeti wa tatu akasahau. Sauti ikamtoka yake mwenyewe, nzito kidogo, yenye mikwaruzo, na kwa kuwa hakuwa na mapafu ya mzamiaji, kabla ya neno la mwisho akavuta pumzi: "nionyesheni pa" – hapo akapumua – "kuweka."

"Samahani, Fundi," alisema. "Nirudie?"

"Acha," alisema Fundi. "Hiyo ni njia tu. Bosi atairekebisha."

Fundi alikuwa amekula ndizi asubuhi hiyo. Ubeti wa tatu, kwa kuwa ala zake zinapungua, aliuweka peke yake, akauandika "Ndizi".

Kengele hakuja siku hiyo, kwa sababu alikuwa na mafua. Alikuja Jumatano, pua nyekundu, amelewa dawa, akaimba beti zote huku akifuta macho, kisha akarudi kulala. Fundi alikuwa amekula ndizi tena. Mkewe alipewa mkungu mzima kazini, na mkungu haumalizwi kwa siku moja. Ubeti wa tatu akauandika "Ndizi Tena". Jioni alipokaa kusafisha kompyuta, akajiuliza ipi ni ya njia na ipi ni ya bosi kwenye ule ubeti wa tatu, na tumbo, ambalo kwa wakati huo lilikuwa limejaa ndizi za siku mbili, likampa jibu. Akafuta moja.

Wiki mbili baadaye walisikiliza wimbo ukiwa umekamilika. Kengele alifumba macho. "Siku ile nilikuwa na sauti!" alisema.

"Mafua yametuletea baraka," alisema Fundi.

Mama Pacha hakuwepo. Alikuwa hospitali na pacha wa pili, aliyemeza kifungo cha shati ili amshinde pacha wa kwanza.

Albamu ikatoka. Wiki ya kwanza ilikuwa ya ishirini na mbili kwenye chati ya redio, na Kengele hakula. Wiki ya pili ikawa ya tisa. Wiki ya tatu ikapanda juu kabisa, ikakaa hapo, ikakunja miguu, na wiki tisa mfululizo hakuna aliyeweza kuiondoa. Vinyozi waliipiga, wauguzi waliiimba wakipima watu presha. Kwenye ofisi moja ya serikali, foleni nzima ilipoambiwa mtandao umekatika irudi kesho, watu waliangaliana na kuanza kuimba "nionyesheni pa kuweka" mpaka mkuu wa ofisi akatoka nje. Na kila mtu alisema jambo moja: nyimbo zote nzuri, lakini ule ubeti wa tatu wa "Kiti Changu" una kitu.

Watangazaji wakamuuliza Kengele kitu hicho ni nini. Mara ya kwanza alisema hajui. Mara ya pili alisema aliuimba machozi yakimtoka, na huo haukuwa uongo, mafua ni mafua. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kufikia redio ya tano ubeti ule ulikuwa umetokana na utoto wake, na ya sita ilimwingiza marehemu shangazi yake.

Sasa tuingie jikoni kwa Mama Pacha, Jumamosi mchana. Yeye alikuwa akisugua sufuria. Mama mkwe alikuwa akichambua mchele kwenye sinia, redio iko juu ya friji. Mama Pacha alikuwa na kawaida ya kutosikiliza nyimbo alizofanyia kazi. Alisema ni kama kurudi ofisini siku ya mapumziko. "Kiti Changu" ilipofika ubeti wa tatu, kidole cha mama mkwe kikasimama juu ya mchele.

"Huyu ni wewe," alisema.

"Mama, huyo ni Kengele."

"Kengele hapumui. Namsikiliza miaka yote hii, yule mtoto hapumui, sijui anaishije. Huyu amepumua. Na amepumua vilevile unavyopumua wewe ukiinua ndoo."

"Mama jamani."

"Baba Pacha!" aliita bibi. "Hebu njoo!"

Baba Pacha alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache. Alikuja na kioo chake cha kazi kikiwa bado jichoni. Ikabidi wangoje wimbo upigwe tena, na siku zile haukuchukua nusu saa. Wakasimama watatu mbele ya friji. Ubeti ulipopita, Baba Pacha akakitoa kioo jichoni, jambo alilolifanya kwa nadra.

"Ni wewe," alisema. "Nimelala kando ya pumzi hiyo miaka kumi na sita."

Mama Pacha aliketi kwenye kiti cha karibu na povu mikononi. Alifurahi, tena furaha iliyompanda mpaka masikioni. Maneno aliyoyangoja miaka kumi na moja yalikuwa yamesemwa, na yalikuwa yamesemwa na yule ambaye hakumtarajia kabisa. Kisha furaha ikashuka, hofu ikapanda. Akavua aproni na kwenda kwa Fundi kwa miguu.

Fundi alifungua kompyuta. Akatafuta "Ndizi Tena", hakuiona. Akafungua "Ndizi", akasikiliza kwa sikio moja, halafu kwa la pili, halafu akaweka mikono kichwani. "Nimemfuta Kengele," alisema. "Mama Pacha, nimemfuta bosi nikakuacha wewe."

"Tufanyeje?"

"Tunyamaze. Watu wakijua watasema haimbi mwenyewe. Hawatauliza habari za ndizi. Watamla mzima mzima."

Mama Pacha aliona kwamba ni kweli. Na alimpenda Kengele, siri hiyo ilikuwa na upande huo pia. Pacha walipozaliwa, Kengele ndiye aliyekuja wodini na kanga mbili, akawabeba wote kwa pamoja, akawarudisha bila kujua yupi ni yupi. Basi wakakubaliana wanyamaze. Kwa Fundi ilikuwa rahisi, na kwa Baba Pacha ilikuwa rahisi zaidi. Kwa mama mkwe ilikuwa adhabu. Yeye, ambaye hakuwahi kuona kuku wengi bila kumwaga mtama, alipita mtaani kama mtu aliyejaza maji mdomoni. Jirani mmoja alimletea dawa ya maumivu ya jino.

Yangeweza kuishia hapo kama si tamasha. Kampuni iliyouza albamu iliamua kusherehekea zile wiki tisa kwenye uwanja wa mpira, Jumamosi alasiri, na mazoezi yakaanza kwenye ukumbi wa shule ya jirani. Kengele akaimba beti mbili vizuri. Ubeti wa tatu ukatoka safi, umenyooka, na hauna uhai wowote. Akarudia. Akarudia mara kumi na moja. Wapiga ala wakaanza kutazama saa.

"Mbona siwezi kujiiga?" aliuliza Kengele, na hakuna aliyecheka ila mpiga ngoma.

Siku ya pili alikunywa asali. Ya tatu alikwenda kwa daktari wa koo, ambaye alimulika ndani na kumwambia ana koo zuri sana, hata akamwita muuguzi aje kulitazama. Ya nne, Alhamisi, hakutokea kwenye jukwaa la mazoezi. Mama Pacha alimkuta kwenye stoo ya viti, amekaa juu ya sanduku la spika, uso umevimba.

"Dada, sauti yangu imekwenda," alisema. "Nimeisikiliza ile albamu mara mia. Yule mtu simwezi. Yule mtu ni mimi mwenyewe, na simwezi."

Angeweza kumwambia pole. Angeweza kumwambia apumzike, itarudi. Mama Pacha alimtazama, akaona kwamba mtu huyu yuko tayari kuacha kuimba kwa sababu ya mkungu wa ndizi, na kwamba kama yeye atanyamaza sasa, ataila ile siri maisha yake yote na haitashuka. Alijua pia kwamba hakuna msanii anayemweka mwitikiaji wa namna hiyo nyuma yake. Akapiga moyo konde.

"Mdogo wangu," alisema, "yule mtu si wewe. Ni mimi."

Akamweleza yote, Jumanne, Jumatano, na alichokula Fundi. Kengele alisikiliza bila kupepesa macho.

"Nani mwingine anajua?"

"Fundi, mume wangu, na mama mkwe."

"Mama mkwe wako anajua, na mimi sijalisikia mtaani?"

"Anaumwa kwa ajili yake."

Kengele hakucheka. Alichukua mkoba wake, akapita katikati ya viti, akaondoka bila kuaga. Ijumaa hapakuwa na mazoezi, wala simu haikulia. Mama Pacha alipiga pasi gauni lake jeusi la kuitikia, akilipiga polepole, maana alijua huenda ni mara ya mwisho. Alilia kidogo, si sana, nguo isije ikalowa. Mama mkwe alisimama mlangoni akitafuta la kusema na, kwa mara ya kwanza tangu aolewe mwanamke yule, hakulipata. Akaenda kumchemshia chai.

Jumamosi gari la kuwachukua likaja kama kawaida. Uwanja ulikuwa umejaa mpaka kwenye uzio. Nafasi ya waitikiaji ilikuwa imewekewa alama ya utepe mweupe sakafuni, hatua sita nyuma ya maikrofoni ya mbele, na Mama Pacha akasimama juu ya utepe wake. Kengele alipita akawasalimia wote, ila kwa Mama Pacha aliinamisha kichwa tu, kama anavyosalimiwa mlinzi. Wakaanza. Wimbo wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Jua lilikuwa usoni, watu wanaimba kila neno, na Mama Pacha aliitikia kila palipotakiwa kuitikiwa, kwa sababu kazi ni kazi.

Wimbo wa saba. Ubeti wa kwanza, kicheko. Ubeti wa pili, kicheko. Kabla ya wa tatu, Kengele akainua mkono, na ala zikashuka chini.

"Nilisema redioni kwamba ubeti huu niliuimba nikilia," alisema. "Nilikuwa na mafua."

Uwanja ukacheka.

"Shangazi yangu naye hahusiki, Mungu amrehemu. Na mnayemsikia mle ndani si mimi. Nilifutwa kwa kukosea, na mimi mwenyewe sikujua. Nimejua juzi. Nimekasirika siku moja na nusu." Akashusha maikrofoni, kisha akaipandisha tena. "Aliyeimba ubeti wa tatu yuko nyuma yangu, na amekuwa nyuma yangu miaka kumi na moja, na mimi sijawahi kugeuka."

Hapo akageuka. Alitembea zile hatua sita, akamshika Mama Pacha mkono, akamwekea maikrofoni kiganjani. "Nenda, dada," alimwambia, nje ya spika. "Nisamehe ile Ijumaa."

Mama Pacha akaenda. Pale mbele hapakuwa na mgongo wa mtu wa kuutazama, palikuwa na watu tu, wengi, na wote walikuwa wakimtazama yeye. Kutoka safu ya tatu ikapanda sauti moja, kali, iliyofunguliwa hatimaye: "Nilisema mimi! Ni mke wa mwanangu huyo! Nilisema!"

Akaimba. Hakumwiga mtu. Aliuimba ubeti ule kama alivyouimba Jumanne ile kwenye joto la magodoro, na alipofika mwisho akavuta pumzi yake mbele ya watu wote bila kuificha, akalimaliza neno. Kisha akangoja kiitikio.

Hakikuja. Mwitikiaji mwenzake alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Mama Pacha akageuka nyuma, akamwona Kengele amesimama juu ya utepe mweupe, ameishika maikrofoni ya waitikiaji kwa mikono miwili, midomo wazi, anahesabu mapigo kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa amepitwa na mahali pa kuingia. Watu hudhani kuitikia ni kusema "eee". Mama Pacha akamtupia kidevu, ile ishara aliyowapa waitikiaji wapya wote, akaurudia mstari tangu mwanzo, taratibu zaidi, kisha akamngojea mpaka alipoingia: "Weka hapa."